Bandama kwa Upande wa Kuume

Kosa langu la kwanza hospitalini lilikuwa neno la herufi nne. Niliandika *rate*. Kwa Kifaransa maana yake ni bandama. Mtu aliyeketi mbele yangu alikuwa amesema bandama, kwa hiyo kamusi haikukosea, mwandiko haukukosea, hata wino haukuvuja. Na mtu huyo alimezeshwa dawa za malaria kwa miezi mitatu kwa sababu yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Siku hizo bado tuliitana sitwayen, yaani raia, na wakubwa wa hospitali walivaa abakosti, koti lisilovaliwa tai, hata jua la saa saba likiwa kali juu ya Kalemie. Shule niliiacha baada ya mwaka wa pili wa sekondari, baba alipofariki. Kifaransa nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi ya zamani ambayo padri mmoja wa Mpala alimwachia mama yangu. Jalada lilikuwa limetoka pamoja na kurasa za mwanzo, kwa hiyo kwangu mimi Kiswahili kilianzia kwenye neno "amka". Nilimeza maneno kumi kila siku, nikiyakariri barabarani kuelekea bandarini, na neno likinitoka nilirudi nyuma hadi pale nilipolikumbuka mara ya mwisho. Watu walidhani nimepotewa na kitu.

Hospitali ilinichukua kwa ajili ya mwandiko. Waganga wetu, yaani madaktari, walitoka Kinshasa. Walikuwa na Lingala na Kifaransa, na Kiswahili chao kiliishia kwenye "asante" na "kesho". Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye meza karibu na mlango, kumwuliza mgonjwa kwa Kiswahili, na kuandika kwa Kifaransa kwenye karatasi ambayo mganga angeisoma. Niliiogopa karatasi ile kuliko nilivyowaogopa waganga. Herufi moja ikipinda, nilichukua karatasi nyingine na kuanza upya, huku watu wakiwa wamepanga mstari mpaka kwenye geti. Muuguzi mkuu, ambaye sote tulimwita Mama wa wodi, Mholoholo, mwenyeji wa pale, aliyekuwa amefanya kazi hapo tangu kabla sijazaliwa, alipita siku moja akaona karatasi tatu nilizozikunja.

"Mutoto," akaniambia, "hawa watu hawakuja kusoma. Wamekuja kupona."

Nilicheka pamoja naye, kisha nikaandika ile ya nne.

Mtu wa bandama alikuwa mfanyakazi wa Bendera, kwenye mtambo wa umeme. Kazi yake ilikuwa kutoa majani na magogo yanayoziba njia ya maji. Alikuwa na viganja vipana sana. Nakumbuka alivyoviweka mezani kwangu kama mtu anayeacha mizigo miwili. Akasema, akinipa heshima ya baba, "Niko na bandama, Papa. Inakomaa." Akaondoa kiganja kimoja mezani na kukiweka kwenye mbavu. Upande gani? Sikuona. Nilikuwa nimeinama nikipuliza wino ukauke.

Katika mji wetu kila mama anaijua bandama ya malaria. Anaipapasa kwa vidole chini ya mbavu za mtoto, upande wa kushoto. Lakini watu wetu huita bandama kitu chochote kinachokuwa kigumu tumboni. Shangazi yangu aliita bandama hata shibe ya sikukuu. Nililijua hilo. Hapo ndipo panaponiuma: nililijua nikiwa mtoto wa Kalemie, nikalisahau nilipokuwa mtu wa kamusi.

Mganga alisoma *rate*, akaandika dawa za malaria. Alikuwa na watu sitini wa kuwaona asubuhi ile.

Miezi mitatu baadaye alikuja sista mmoja aliyekuwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Tulimwita Masere, kama tunavyowaita masista wote. Alikuja na mashine ya ekografi, inayoonyesha yaliyomo tumboni kama unavyotazama samaki kwenye maji yaliyotulia. Juma lake la kwanza aliomba kuwaona tena wagonjwa wote wenye uvimbe tumboni. Nilisimama kando yake ili nimtafsirie. Alipomlaza mtu wa Bendera, mkono wake ulitembea juu ya tumbo lile polepole, ukasimama.

Ulisimama upande wa kuume.

Upande wa kuume hakuna bandama. Kuna ini. Masere aliwasha mashine, akatazama muda mrefu, akaizima. Uvimbe ulikuwa umelijaza ini, na hapakuwa na mahali pa kukata.

"Mweleze kwamba tutamsaidia asiumie," akaniambia kwa Kifaransa.

Nikamweleza. Mtu yule akaniangalia, akasema, "Hiyo bandama ilikuwa mukaidi tangu mwanzo, Papa. Mimi niliwaambia."

Aliniambia mimi. Hakuna mtu mwingine aliyekuwapo siku ile ya kwanza.

Nilingoja kuulizwa nani aliandika *rate*. Hakuna aliyeuliza. Masere alidhani kwamba mganga aliyemtangulia alimpapasa mtu yule akakosea mwenyewe, na mganga huyo alikuwa ameshahamishwa. Nikaacha aendelee kudhani. Habari ya kifo cha mtu wa Bendera ililetwa na mwenzake wa mtamboni aliyekuja kung'olewa jino. Niliisikiliza, nikamwandikia habari ya jino lake, mwandiko safi, bila kosa.

Baada ya hapo Masere alianzisha kile tulichokiita meza ya Alhamisi. Alisema uvimbe wa ini si ugonjwa wa mtu mmoja kuuamulia. Kila Alhamisi asubuhi, mgonjwa yeyote mwenye uvimbe wa ini alijadiliwa na watu wanne: Masere mwenyewe, daktari wa upasuaji (mtu mnene wa Kinshasa ambaye tulimwita Dokta), Mama wa wodi, na mimi, ambaye nilisoma karatasi kwa sauti, kisha nikanyamaza. Hakuna sindano, hakuna kisu, hakuna kumrudisha mtu nyumbani kabla ya wote kusema. Mimi sikuhesabiwa katika hao wote. Nilikuwa karatasi yenye miguu.

Dokta hakuipenda meza ile mwanzoni. "Masere anataka bunge," alinong'ona. "Mimi nilisomea kukata." Lakini alikuja, na baada ya muda alianza kufika wa kwanza.

Kisha akaja mwanamke wa Mpala. Alikuwa muuzaji wa ndagala, dagaa wa ziwani, waliokaushwa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya kuitia wateja. Alikuja kwa mtumbwi wa injini, siku nzima juu ya ziwa, akisindikizwa na mjomba wake. Chini ya kifua, pale mbavu zinapoachana, alikuwa na uvimbe wa ukubwa wa ngumi. Safari hii nilitazama mkono wake ulipowekwa. Niliutazama mpaka akaniuliza kama ninataka kuununua. Niliandika *foie*, ini, na kando nikaandika ni mahali gani. Nikauliza mengine. Akasema, "Na homa. Homa hainiachi tangu mwezi wa ndagala wengi."

Niliandika *fièvre*. Karatasi moja tu, hakuna kilichopinda. Nilifurahi nayo.

Alhamisi ile umeme wa Bendera ulikuwa umekatika tangu Jumanne, na mashine ya Masere ilikaa kimya chini ya kitambaa chake. Kipimajoto cha wodi kilikuwa kimeanguka na kuvunjika, na kingine kilikuwa bado hakijafika. Mwanamke hakulala kwa maumivu. Nilisoma karatasi. Nilipofika kwenye *fièvre*, Dokta aliinua kidole.

"Homa ya miezi, uvimbe, maumivu. Ni usaha. Jipu la ini, nimeliona mara nyingi. Tunaingiza sindano ndefu, tunatoa usaha, kesho anaomba ugali."

Masere alisema angependa kutazama kwanza kwa mashine.

"Kwa umeme gani, Masere? Kesho asubuhi ninapanda boti kwenda Moba, narudi baada ya siku kumi. Jipu likipasuka lenyewe ndani, atakufa na mashine yako ikiwa nzima."

"Na kama si usaha?"

"Kama ni uvimbe wenye damu, sindano itamwagia damu tumboni. Najua. Lakini uvimbe wa namna hiyo haumpi mtu homa ya miezi." Akagonga karatasi yangu kwa kidole. "Imeandikwa hapa."

Masere alifikiri, kisha akaitikia kwa kichwa. Mama wa wodi akainuka kwenda kuchemsha sindano. Kila mtu alikuwa ametimiza kazi yake vizuri, na kazi hiyo yote ilikuwa imesimama juu ya neno langu moja.

Wakati huo nikaisikia tena sauti ya mwanamke yule: homa hainiachi. Nikakumbuka kwamba aliposema hivyo aliegemeza shavu kwenye kiganja, kama mtu aliyechoka kusubiri. Mama yangu husema ana homa akiwa amefua nguo nyingi. Mimi mwenyewe nilisema nina homa siku waliponiambia shule basi. Mwanamke yule alimaanisha homa ipi? Sikumwuliza. Neno lilikuja, kamusi ikajibu, nikaandika.

Sasa niseme ukweli wote, kwa sababu ndiyo maana ninaandika. Sikufungua mdomo mara moja. Nilijua kwamba nikisema "labda nilikosea *fièvre*", mtu ataniuliza, "Umewahi kukosea hivi?" Nami siwezi kusema uongo nikitazamwa, ninatetemeka kidevu. Nikisema homa, ningesema pia bandama. Wangenirudisha nyumbani, na mama angeuliza kwa nini. Nilihesabu hatua za Mama wa wodi kuelekea mlangoni. Nilijiambia kwamba huenda kweli ni homa ya joto. Nilijiambia kwamba Dokta ameona mengi. Nilitamani kuitazama kamusi, kana kwamba usiku uliopita ilikuwa imeongezewa mstari mmoja kuhusu mwanamke wa Mpala.

Mama wa wodi alishika komeo.

"Mama, ngoja," nikasema. "Sijui kama ana homa."

Dokta alinigeukia na mwili wote. "Umeandika wewe."

"Yeye alisema homa. Mimi niliandika *fièvre*."

"Na homa ni nini, kama si *fièvre*? Ni samaki?"

Mama wa wodi akageuka mlangoni. "Dokta, huku kwetu homa ni vitu vingi. Mtu akichoka, homa. Akikosa usingizi, homa. Bibi-arusi akimkumbuka mama yake, homa vilevile."

"Basi ninyi wote wagonjwa!" alisema Dokta, lakini hakucheka.

Masere aliniangalia. Aliuliza lile swali, kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Imewahi kutokea?"

Kidevu kikaanza. Nikasema. Mtu wa Bendera, bandama, *rate*, wino niliokuwa ninapuliza. Nilisema kwamba mganga aliyehamishwa hakuwa na kosa lile. Nilisema kila kitu kwa Kifaransa sahihi, na hata hapo, Mungu anisamehe, nilijisahihisha kitenzi kimoja katikati.

Nje, treni ya Kabalo ilipiga honi, na tulingoja imalize.

"Kama tungejua siku ile ya kwanza, angepona?" nikauliza.

"Sijui," alisema Masere. "Labda hapana. Lakini tungekuwa na miezi mitatu ya kujaribu." Hakunifariji zaidi ya hapo. Kisha akasema, "Mwiteni yeye mwenyewe."

Mgonjwa hakuwahi kuletwa mezani kabla ya siku hiyo. Alikuja ameshikwa mkono na mjomba wake, akakaa kwenye kiti changu, maana kiti cha tano hakikuwapo. Mjomba alibaki amesimama, kofia mkononi, akiwatazama waganga kama mtu aliyeitwa mahakamani. Mama wa wodi akachuchumaa mbele ya mwanamke.

"Dada, homa yako hii inakutetemesha?"

"Hapana."

"Inakutoa jasho, unaloanisha nguo?"

"Hapana, Mama."

"Mwili unakuwa moto? Mutu akikugusa anaruka?"

Mwanamke akamtazama mjomba wake, kisha akatutazama sisi. "Moto ya nini? Mwili unakataa tu. Nikibeba kapu moja ya ndagala, ni kama makapu kumi. Njo homa yangu hiyo." Akanigeukia. "Huyu nilimuambia. Hakuniuliza, alikuwa anachora."

Mjomba akaongeza, "Tangu alipougua nalala karibu na mlango wake. Joto hana. Baridi hana. Analia tu akijigeuza."

Nilitafsiri kila neno, na nilipofika kwenye "alikuwa anachora" nililitafsiri pia.

Dokta alikaa akiitazama mikono yake. Aliikunja karatasi yangu mara mbili, akaiweka mfukoni mwa abakosti. "Hakuna sindano," alisema. Kisha akaongeza, "Boti ya Moba itaenda bila mimi."

Umeme ulirudi Jumamosi, watu wakiwa katikati ya salongo, kazi ya pamoja ya kila Jumamosi, wakifyeka majani ya uwanja wa hospitali. Mtu alipiga kelele, "Bendera imeamka!" na Masere alikimbia, yeye ambaye hakuwahi kukimbia. Tulisimama sote watatu nyuma yake kwenye chumba chenye giza. Uvimbe haukuwa na usaha. Ulikuwa mgumu, umejaa mishipa ya damu, na Dokta alipoona mishipa ile alitoa pumzi kupitia meno. Lakini ulikuwa ukingoni mwa ini, upande mdogo wa kushoto, peke yake, kama embe lililoota mwisho wa tawi.

"Hapo naweza kukata," alisema.

Meza ilikutana siku hiyohiyo ingawa haikuwa Alhamisi. Dokta alisema lazima ipatikane damu ya watu wanne. Masere alisema mwanamke ale vizuri kwanza, juma moja. Mama wa wodi alisema mjomba ndiye wa kuzungumza naye, kwa sababu bila yeye hakuna ndugu atakayenyoosha mkono. Watu waliogopa kutoa damu, waliamini hairudi. Kisha wote wakanitazama. Sikuelewa wanangoja nini.

"Na wewe?" aliuliza Masere.

Nikasema kwamba mwanamke aambiwe kwa maneno yake mwenyewe, na arudie tulichomwambia, tuone kama ni kitu kilekile. Nilisema polepole.

Mjomba alitoa damu wa kwanza. Alifumba macho, akatangaza kwamba amekufa, akafumbua jicho moja kuona kama kuna anayelia. Wapwa wake wawili waliokuwa wamefika kutoka Mpala walicheka wakafuata, na Dokta alitoa ya nne mwenyewe, akisema damu ya Kinshasa itamfundisha mwanamke Lingala.

Siku ya upasuaji sikuwa na kazi yoyote. Nilikaa nje ya chumba pamoja na mjomba kuanzia saa mbili. Alitafuna muhogo mbichi, nami nilitafuna kucha. Saa tano alitoka Mama wa wodi kuchukua damu, hakutuangalia. Saa sita akatoka tena, akachukua nyingine. Mjomba akaniuliza kama hiyo ni dalili nzuri. Nikamwambia sijui. Neno hilo, "sijui", lilikuwa jipya kwangu kazini. Halikunisaidia kupumua, lakini lilikuwa kweli. Saa nane kasorobo Dokta alitoka, nguo zimemganda mgongoni, akamwambia mjomba Kiswahili pekee alichokuwa nacho:

"Kesho, ugali."

Haikuwa kesho. Ilikuwa siku ya tano. Lakini aliula ugali, na juma la tatu alitupigia kelele wodini kwa sababu mtu alikuwa amemuuzia ndagala wenye mchanga.

Sikufukuzwa. Masere aliandika barua kwa yule mganga aliyehamishwa, nami niliambiwa niandike yangu na kuiweka ndani ya bahasha hiyohiyo. Niliiandika mara moja tu, na ilikuwa na makosa mawili ambayo ninayakumbuka hadi leo. Mganga hakujibu. Dokta alianza kuniita Papa Homa, na jina hilo bado linanifuata sokoni.

Mwanamke wa Mpala alirudi kupimwa mara nne, kila mara akiwa na kapu. Mara ya tano hakuja. Nimeuliza watu wa mitumbwi. Mmoja alisema amehamia kwa dada yake ng'ambo, Kigoma, mwingine alisema hamjui. Nimebaki na hilo.

Mtu wa Bendera ninamkumbuka kila nikiona viganja vipana. Sijaenda kwa familia yake. Ninajua ninapaswa kwenda.

Kilichobadilika ni hiki. Karatasi yetu sasa ina mistari mitatu mahali palipokuwa na mmoja. Wa kwanza ninaandika neno la mgonjwa kwa Kiswahili chake, kama alivyolisema. Wa pili ninaandika mkono wake uliwekwa wapi. Wa tatu ni wa Kifaransa, na huo siujazi tena peke yangu: tunaujaza Alhamisi, mezani, mgonjwa akiwa ameketi nasi. Viti sasa ni vitano.